Sikio Lisilo na Mwajiri

Mhakiki wa muziki anayejitegemea huuza kitu kimoja tu, nacho ni hukumu yake. Hana studio, hana kituo cha utangazaji, hana mshahara wa mwisho wa mwezi, na mara nyingi hana hata kitambulisho cha gazeti cha kumfungulia mlango wa ukumbi. Wasomaji wengi wanaoliona jina lake kwenye makala hudhani kwamba mtu wa namna hii ndiye aliye huru kuliko wote, kwa kuwa hakuna bosi wa kumwamuru apende nini na achukie nini. Miaka niliyoishi kwa kazi hii imenipa maoni tofauti. Mwajiriwa analindwa na mshahara unaoingia hata katika wiki aliyomuudhi msanii mkubwa, na gazeti lake humnunulia tiketi na kumtafutia wakili mambo yakiharibika. Sisi tusio na mwajiri tunategemea albamu tunazotumiwa kabla hazijatoka, viti tunavyotengewa kwenye matamasha na mahojiano tunayokubaliwa, na vyote hivyo vimo mikononi mwa watu wenye maslahi katika yale tutakayoandika. Uhuru wetu hatuna budi kuujenga wenyewe, na kuujenga huko kunakula muda na fedha kuliko msomaji anavyoweza kukisia anapoisoma tahakiki ya maneno mia sita.

Hali hii si ngeni. Uhakiki wa muziki kama tunavyoujua ulijengwa kwa kiasi kikubwa na watu waliokuwa na kazi nyingine pembeni. Mwaka 1810 E.T.A. Hoffmann, aliyesomea sheria na kisha akajitafutia riziki katika muziki, alichapisha kwenye jarida la Allgemeine musikalische Zeitung la Leipzig tahakiki ya Simfoni ya Tano ya Beethoven, akiifuata kazi hiyo kutokana na noti zilizochapishwa na kuonyesha jinsi wazo fupi la mwanzo linavyoitawala kazi nzima. Robert Schumann, mtunzi, aliwatangazia wasomaji wa jarida hilohilo kipaji cha mtunzi kijana Chopin mwaka 1831. Mwaka 1834 yeye na wenzake wakaanzisha jarida lao, Neue Zeitschrift für Musik, na humo ndimo mwaka 1853 alimotambulisha mtunzi Brahms, ambaye alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Watu hawa walikuwa ndani ya muziki kabla ya kuuandikia, na nadhani ndiyo maana hukumu zao zinasomeka hadi leo.

Anayenigusa zaidi, hata hivyo, ni Hector Berlioz. Aliliandikia Journal des débats la Paris kwa takriban miaka 30, huku akiwa mmoja wa watunzi wenye ujasiri mkubwa wa karne yake, na katika kumbukumbu zake alilalamika waziwazi kwamba kazi ya kukaa mezani na kutafuta la kusema kuhusu opera dhaifu ilimla muda ambao angeutumia kutunga. Alipoiacha, mwaka 1863, ilikuwa ni kwa sababu mapato ya opera yake ya Les Troyens yalimwezesha hatimaye kuishi bila ujira wa gazeti. Ninapowasikia vijana wakisema kwamba zama zetu ndizo zilizoiharibu taaluma hii, humkumbuka Berlioz. Uhakiki ulilipa bili za mtu ambaye muziki wake haukuweza kuzilipa, na pamoja na uchungu wote huo aliufanya vizuri kiasi kwamba makala zake zinakusanywa na kuchapishwa upya.

Kwa kuwa watu huniuliza mara kwa mara kazi yenyewe inafanyikaje, nitaieleza kwa karibu. Albamu huja kama kiungo ndani ya barua pepe ya maafisa uhusiano wa kampuni ya kurekodi, mara nyingi faili zikiwa zimetiwa alama iliyofichwa ili zikivuja ijulikane zimevujia kwa nani, pamoja na sharti la kutochapisha neno lolote kabla ya tarehe fulani. Kiungo hicho huambatana na maelezo ya msanii ambayo tayari yameshakufanyia hukumu: hii ndiyo kazi yake ya ndani zaidi, huu ndio mwanzo wa sura mpya. Maelezo hayo siyasomi mpaka niwe nimeisikiliza albamu yote mara ya kwanza, bila kalamu, kwa mpangilio ule alioutaka msanii. Mara ya pili huisikiliza kwa spika ndogo, kwa sababu ndivyo watu wengi watakavyoisikia. Kisha hutumia vifaa vya masikioni, na hapo ndipo kalamu huingia kazini.

Chukua wimbo mmoja. Katika rasimu ya kwanza nimeandika kwamba "besi imetulia na inapendeza." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haisemi kitu, kwa maana inaweza kubandikwa kwenye nyimbo elfu bila mtu kugutuka. Narudia sekunde zile. Nagundua kwamba mpiga besi anaingia nyuma ya ngoma kwa upenyo mdogo sana, karibu usiosikika, ilhali mwimbaji analitangulia pigo; kwa hiyo kati ya sauti na besi kuna nafasi inayopanuka kila ubeti, na kiitikio kinapofika wote wanagongana mahali pamoja kwa mara ya kwanza. Sasa ninayo sentensi, na pia ninayo hoja: ile raha ambayo msikilizaji anaipata kwenye kiitikio, na ambayo pengine anadhani inatokana na maneno, imeandaliwa na mpiga besi dakika nzima kabla yake. Kazi ya kuipata sentensi hiyo imechukua sehemu kubwa ya asubuhi. Hakuna mhariri anayelipia asubuhi hiyo, kwani malipo huhesabiwa kwa maneno au kwa makala, na sentensi mbovu na sentensi nzuri zinalingana kwa idadi ya maneno.

Ndiyo sababu nasema kusikiliza ndiyo mtaji wenyewe. Anayejitegemea akibanwa na mahitaji, kitu cha kwanza anachokipunguza ni usikilizaji, kwa kuwa ndicho pekee ambacho mhariri hawezi kukikagua. Anaisikiliza albamu mara moja huku akijibu barua, anaazima muundo wa makala yake ya mwezi uliopita, anajaza vivumishi, na makala inapita. Inapita mara ya pili na ya tatu. Wasomaji ndio wanaotambua kwanza, hata kama hawawezi kueleza wametambua nini: wanaacha kumwamini, halafu wanaacha kumsoma. Vivumishi vile vya kawaida, kwamba wimbo ni mtamu, ni mkali, ni moto, vina nafasi yake katika mazungumzo ya marafiki ambao wanaujua wimbo wenyewe; katika uhakiki vinamnyima msomaji kile alichokifuata.

Kusikiliza peke yake, hata hivyo, hakutoshi, na hapa ndipo mwandishi wa utamaduni anapotofautiana na fundi wa sauti. Mwaka 1963 mshairi LeRoi Jones, aliyejulikana baadaye kwa jina la Amiri Baraka, alichapisha katika jarida la DownBeat insha iliyowakosoa wahakiki wa jazz wa Marekani, wengi wao wakiwa weupe, kwamba walizichambua noti bila kuielewa hali ya maisha na mtazamo uliozizaa. Insha ile ingali inanidai. Kila ninapoandika kuhusu muziki wa watu ambao sikukulia kati yao, najiuliza kama nimefanya kazi ya kuwafahamu au nimeridhika na kuusifia mdundo wao. Kuna usomaji mwingi wa historia, wa siasa na wa wasifu unaopaswa kutangulia, na kuna watu wa kuwapigia simu ambao hawatatajwa katika makala lakini wataiokoa isipotoke. Ellen Willis, aliyekuwa mwandishi wa kwanza wa muziki wa pop katika jarida la The New Yorker kuanzia mwaka 1968, aliweza kuuliza maswali ya wanawake na ya siasa kuhusu nyimbo za roki bila kuacha hata mara moja kuwa shabiki wa nyimbo hizo, na sijui mfano bora zaidi wa jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kukaa katika aya moja.

Maneno yetu yana uzito pia, hata yanapoonekana madogo. Kabla ya mwaka 1949 jarida la biashara ya muziki la Billboard liliorodhesha mauzo ya muziki wa Wamarekani weusi chini ya kichwa kilichowatenga kwa rangi yao. Jerry Wexler, ambaye wakati huo alikuwa mwandishi wa jarida hilo na ambaye baadaye angekuwa mtayarishaji mashuhuri, alipendekeza kichwa kingine, rhythm and blues, nacho kikaingia kwenye orodha, kwenye maduka na kwenye redio. Ninapoombwa niseme albamu fulani ni ya "aina" gani ili mhariri ajue aiweke wapi, hujibu kwa uangalifu, nikijua kwamba lebo ninayoipachika leo inaweza kumfuata msanii kwa miaka.

Sasa niseme kuhusu soko, kwa maana hata mwenye sikio zuri hawezi kuishi bila kuuza. Makala ya mtu asiye na mwajiri huanza na pendekezo analomtumia mhariri, na mapendekezo mengi hufa kwa sababu moja: yanataja msanii badala ya kutoa hoja. Kumwandikia mhariri kwamba ungependa kuandika kuhusu mwimbaji fulani kwa sababu anatoa albamu ni kumpa habari ambayo tayari anayo. Mhariri anataka kujua unasema nini, kwa nini wiki hii, kwa nini wewe, na kwa urefu gani, yote katika aya mbili anazoweza kuzisoma akiwa amesimama. Nikiwa na wazo kwamba waimbaji wa kizazi fulani wameacha kuandika beti ya tatu, na kwamba jambo hilo limebadilisha namna hadithi inavyosimuliwa ndani ya wimbo, hilo ni pendekezo. Albamu mpya inakuwa sababu ya kulisema sasa. Wahariri wazuri, na nimebahatika kufanya kazi na baadhi yao, hulisukuma wazo hilo mpaka lionyeshe udhaifu wake kabla halijaandikwa. Nimejifunza zaidi kutokana na maswali yao pembezoni mwa rasimu kuliko kutokana na darasa lolote.

Pendekezo likikubaliwa, yanayofuata ni mambo ambayo waandishi wanaoanza huyaonea haya, yaani mkataba, hakimiliki na tarehe ya malipo. Nisingependa wayaonee haya. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na Jonathan Tasini na waandishi wenzake wa kujitegemea dhidi ya New York Times na wachapishaji wengine, kwamba makala iliyouzwa kwa gazeti la karatasi haiwezi kuwekwa kwenye hifadhi za kielektroniki bila ridhaa ya aliyeiandika. Waandishi walishinda. Lakini wachapishaji wengi walikuwa wameshajifunza somo lao, na mikataba mipya ikaanza kudai haki zote, kwa njia zote, kwa muda wote, kwa malipo yaleyale. Mkataba wa namna hiyo ukisainiwa bila kusomwa, mahojiano uliyoyafanya na mwanamuziki mkongwe yanaweza kugeuzwa kuwa filamu au sura ya kitabu nawe usiwe na la kudai. Huwa naomba kifungu hicho kipunguzwe kiwe leseni ya kuchapisha kwa mara ya kwanza, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani ombi hilo hukubaliwa, kwa sababu mkataba ule ulikuwa umetolewa tu kwenye faili bila mtu yeyote kuufikiria.

Kuhusu kucheleweshewa malipo naweza kuandika kurasa nyingi, lakini nitasema machache. Kuna chombo kimoja, ambacho sitakitaja, kilichokuwa na desturi ya kulipa baada ya makala kuchapishwa, kisha kikazikalia makala zilizokwisha kukubaliwa msimu hata msimu. Wengine wamelazimika kutungiwa sheria: katika Jiji la New York, tangu mwaka 2017, anayempa mtu huru kazi yenye thamani ya dola 800 au zaidi anapaswa kumpa mkataba wa maandishi, na pasipotajwa tarehe ya malipo anapaswa kumlipa ndani ya siku 30 tangu kazi ikamilike. Pasipo na sheria kama hiyo, mwandishi hana budi kuyaweka masharti hayo mwenyewe katika barua yake ya kukubali kazi: malipo yatolewe makala inapokubaliwa, na sehemu ya malipo itolewe endapo makala itaagizwa na kisha isitumike.

Narudi kwenye uhuru, kwa sababu ankara isiyolipwa ndiyo mlango ambao vishawishi huingilia. Bahasha ya fedha mkononi ni kishawishi rahisi kukitambua, na mwenye kuipokea anajua alichokifanya. Vigumu zaidi ni vile vinavyokuja na heshima: safari iliyolipiwa na kampuni ya kurekodi kwenda kumwona msanii akiwa studio, chakula cha jioni na meneja wake, kazi halali na yenye malipo mazuri ya kuandika maelezo ya albamu au wasifu wa msanii kwa ajili ya kampuni. Kazi hii ya mwisho naifanya. Malipo yake huja kwa wakati, na maelezo mazuri ya albamu ni maandishi yenye hadhi yake. Ila nimejiwekea sharti kwamba msanii ambaye nimewahi kulipwa na upande wake simfanyii uhakiki tena popote, na mhariri anayeniomba nimwandike namweleza sababu ya kukataa. Sharti hilo limenigharimu makala ambazo ningezipenda sana. Vilevile tiketi ya bure ya tamasha naipokea pale tu ninapokuwa nimeagizwa kuliandikia, kwa kuwa nje ya hapo inakuwa zawadi, na zawadi huzaa fadhila.

Urafiki ni suala gumu zaidi na sina sharti moja linalolimaliza. Mwandishi asiyewafahamu wanamuziki kwa karibu ataandika kama mtu aliyekaa dirishani. Anayekula nao kila wiki atajikuta anaziandika sentensi zake huku akiwaza watakavyomtazama. Ninachofanya ni kuwafahamu zaidi wale wasiokaa mbele ya jukwaa: wapiga ala wa kukodiwa, mafundi wa sauti, wapangaji wa muziki. Hawa hawana albamu ya kuniuzia, na ndio walionifundisha kusikia. Fundi mmoja wa sauti alinikalisha mbele ya mitambo yake, akainyamazisha ala moja baada ya nyingine katika wimbo niliodhani naujua, mpaka nikasikia kwamba kile nilichokuwa nikikiita sauti nene ya mwimbaji kilikuwa ni kinanda kilichofichwa chini yake. Tangu siku hiyo siandiki kuhusu sauti ya mtu kabla sijajiuliza ni kipi kingine kinachosikika pamoja nayo.

Kuhusu tahakiki kali, msimamo wangu ni kwamba ukali una watu wake. Albamu ya kwanza ya kijana asiyejulikana, ikiwa dhaifu, naiacha ipite kimya, kwa maana wasomaji hawajaisikia na hakuna dai kubwa la kupimwa. Albamu dhaifu iliyotangazwa kila kona kwa fedha nyingi inastahili jibu kamili lenye sababu. Kusema hivyo siku hizi kuna gharama mpya. Mwaka 2024 jarida la Paste liliichapisha tahakiki yake ya albamu ya Taylor Swift bila jina la aliyeiandika, likieleza kwamba mwaka 2019 mwandishi wake alipoihakiki albamu nyingine ya mwanamuziki huyohuyo alitumiwa vitisho. Nauelewa uamuzi huo na bado unaniuma, kwa sababu jina la mwandishi ndilo linalomwezesha msomaji kuipima hukumu moja dhidi ya nyingine zilizotangulia. Mashabiki wana haki yote ya kubishana nasi. Ninachokitaka ni chombo kinachoagiza makala kimlinde asiye na mwajiri kama kinavyowalinda wafanyakazi wake, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba.

Kuna shinikizo jingine la kimya linalosukuma uhakiki kuelekea sifa tupu. Mwaka 2004 mhakiki Kelefa Sanneh aliandika katika New York Times makala iliyokosoa mazoea ya kuufanya muziki wa roki kipimo cha muziki wote, na baada ya hapo wahakiki wengi walianza kuzichukulia nyimbo za pop, za dansi na za wasichana wadogo kwa uzito unaostahili. Faida yake ilikuwa kubwa, na kizazi changu kiliinufaikia. Lakini kuichukulia kazi kwa uzito ni pamoja na kusema iliposhindwa, na naona sehemu hiyo imesahaulika mahali pengi, hasa pale ambapo makala hupimwa kwa idadi ya watu walioisambaza na hakuna wasambazaji wenye bidii kama mashabiki waliofurahishwa. Suala la alama nalo limo humo. Mhakiki wa Marekani Robert Christgau alizipa albamu alama za herufi kama za shuleni tangu mwaka 1969, na Pitchfork, jarida la muziki la mtandaoni, ikajipatia jina kwa alama zenye desimali. Sina ugomvi na alama, ili mradi zipangwe baada ya makala kuandikwa. Zikipangwa kabla, sentensi zote hugeuka kuwa utetezi wa tarakimu.

Majukwaa yenyewe yamepungua, na hili sina njia ya kulipamba. Village Voice, gazeti la New York ambalo lilikuwa shule ya wahakiki wengi ninaowaheshimu, liliacha kuchapishwa kwenye karatasi mwaka 2017 na mwaka uliofuata likasitisha kazi, ingawa baadaye lilifufuliwa kwa sura nyingine. NME, jarida la muziki la Uingereza lililoanza mwaka 1952, ilitoa toleo lake la mwisho la kila wiki kwenye karatasi mwaka 2018. Mwezi Januari 2024 Pitchfork iliingizwa ndani ya GQ, jarida la wanaume la kampuni ileile inayoimiliki, na wafanyakazi wake kadhaa wakaondolewa. Mwaka huohuo hifadhi ya makala za MTV News, idara ya habari ya kituo cha televisheni cha MTV, kazi ya zaidi ya miongo miwili, ilitoweka mtandaoni, na waandishi wengi waliamka na kukuta viungo vya kazi zao vimekufa. Kila makala yangu sasa naihifadhi nakala yake siku inapochapishwa, ikiwa na tarehe na jina la chombo, kwenye kompyuta na kwenye diski ya pembeni. Namsihi kila mwandishi kijana afanye hivyo leo.

Pamoja na majukwaa, limepungua pia lile jukumu la zamani la kumwambia msomaji kama anunue au asinunue. Albamu inapotoka, kila mtu anaweza kuisikiliza dakika hiyohiyo bila kusubiri ruhusa ya mhakiki, na programu za muziki zinampendekezea nyimbo nyingine zinazofanana na alizozipenda jana. Programu hizo hazitoi sababu. Haziwezi kusema kwa nini wimbo uliorekodiwa katika chumba kibaya una nguvu kuliko ule uliorekodiwa upya katika studio bora, wala kwa nini msanii aliyewahi kuandika kwa ujasiri amegeuka kuwa mwangalifu. Kutoa sababu ndiyo kazi iliyobaki kwetu, na nadhani ndiyo iliyokuwa bora tangu mwanzo. Ni kweli kwamba hailipi peke yake. Mimi huishi kwa kuchanganya: uhariri wa maandishi ya wengine, mafunzo ya uandishi, maelezo ya matamasha, vipindi vya redio, na barua kwa wasomaji wanaochangia moja kwa moja. Hakuna kimojawapo kati ya hivyo kinachotosha, na huo mseto ndio unaoniwezesha kukataa kazi yenye harufu mbaya.

Sehemu ya kazi ninayoipigania zaidi ndiyo yenye malipo madogo kuliko zote, nayo ni kuandika maisha ya wanamuziki kabla hayajapotea. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, akafariki mwaka 1950. Lakini wengi wetu tulimfahamu kwanza kupitia wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, mshairi aliyeona kwamba maisha ya mwimbaji yanastahili nathari iliyotunzwa kama ushairi. Wasifu ule haukungoja albamu mpya wala tamasha. Wapiga ala wa kukodiwa waliocheza katika nyimbo ambazo kila mtu anazijua ni wazee sasa, na majina yao mara nyingi hayamo kwenye majalada. Wahariri huniambia, kwa upole, kwamba hakuna msomaji anayewatafuta. Nikishapata saa chache zilizolipiwa na kazi nyingine, huenda kwao na kinasa sauti, huwauliza nani alipiga nini, ala ilikuwa ya nani, walilipwa namna gani, nani alibuni ile sehemu ambayo mwimbaji amekuwa akisifiwa kwayo, kisha hulinganisha majibu ya mmoja na ya mwenzake kwa sababu kumbukumbu hutofautiana. Mahojiano hayo huyaandika neno kwa neno, humpelekea aliyezungumza asome na kusahihisha, na nakala moja hubaki kwa familia yake.